Breki Wastani

Abiria huniuliza kaunta, "Ni mbali?"
Nami hujibu bila kuinua uso:
kilomita arobaini na saba ukinyoosha mstari,
dakika kumi na tano, upepo ukiwa na adabu.
Kwa gari ni zaidi ya mia tatu,
kuzunguka ghuba zote zilizoing'ata nchi,
na kizuizi kikishushwa kule mlimani
utalala garini ukisubiri katapila.

Wanacheka. Wananunua kahawa.
Kahawa ya Berlevåg hufika Mehamn ingali na mvuke.

Siwaambii kwamba mimi mwenyewe, Oddlaug,
mkata tiketi wa miaka ishirini na mitatu,
njia hiyo sijaipita tangu tumzike mama
na kaka yangu Eilert akaiuza nyumba ya manjano
pamoja na saa ya ukutani, pamoja na mlango
uliochongwa vimo vyetu kwa kisu, mwaka baada ya mwaka.
Nilimwambia neno. Akanirudishia lake.
Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga;
ya mkaidi hawakuipima.

Eilert huondoa theluji uwanjani kwao.
Kila alfajiri (ni jina tu, maana Disemba
jua halichomozi huku hata kwa kubembelezwa)
huipima njia ya kurukia, hutuma ripoti,
nami huisoma kwenye skrini kabla sijavua glavu:
Theluji kavu. Milimita nane. Breki wastani. E. H.
Hizo ndizo barua zetu, miaka kumi na moja.
Akilala vibaya nilijua: alisahau nukta.
Krismasi ikimkuta peke yake nilijua:
alipima mara tatu.

Na ndege ikitua kwetu, magurudumuni
hubanduka bonge la theluji iliyogandia,
theluji ya kwao, iliyoliponyoka beleshi lake.
Huyeyuka kwenye lami karibu na kiatu changu.
Sijawahi kuikanyaga.

Februari, Jumanne:
Barafu yenye maji. Breki mbaya. T. S.

T. S. ni nani?
Nikasoma tena. Nikagonga mhuri tiketi ya mtu juu chini.
Rubani akasema wataruka, upepo ukilegea kidogo.
Nikajikatia tiketi, kiti cha tatu, dirishani,
nikamwachia Sunniva funguo na foleni ya watu wanne.

Chini yangu miamba, weupe, bahari nyeusi,
taa moja ya mtu nisiyemjua.
Nikaanza kuunda sentensi. "Mlango ule..."
Nikaifuta. "Mama angekuwa..."
Nikaifuta hiyo pia.
Mhudumu akatuambia tufunge mikanda
na mimi bado sina kitenzi.

Ngazi ikashushwa. Upepo ukanivua kofia,
ukaenda nayo upande wa uzio wa paa-theluji.
Alikuwa amesimama ndani, karibu na mizani ya mizigo,
mkono wa kulia kwenye plasta mpaka kiwikoni,
ndevu zimeota mvi bila kuniarifu.
Juu ya kichwa chake, ukutani, saa ya mama:
ufa ule ule kuanzia tatu hadi saba.

Akaitazama saa, kisha mimi, kisha saa.
"Mmechelewa dakika nne," akasema.