Hodi ya Nne

Bergen, Alhamisi, mvua ile ile ya juzi.
Sindre, kijana wa maabara, anapiga magoti mbele yangu
kama fundi viatu,
ananifunga kwenye paja la kulia
kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti.
"Ni mwanga tu, Torbjørg. Hauumi.
Unapenya ngozi, unahesabu damu yenye oksijeni
na damu iliyokwisha kuitoa."

Nikacheka. Miaka thelathini na minne
nilibeba mkoba wa posta kwenye ngazi za mji huu,
na hakuna aliyewahi kuhesabu
nilichopeleka na nilichorudi nacho.

Simama. Keti. Mikono kifuani, usishike kiti.
Mara tano.
Ya kwanza ni salamu.
Ya pili, goti linasema neno lake.
Ya nne, chumba kinaingia ukungu.
Ya tano nainuka kwa ukaidi, si kwa misuli.

Kisha mkanda. Unajaa upepo, unabana,
damu inazuiwa njiani kama magari
penye daraja lililoinuliwa,
mguu unakufa ganzi,
na kwenye kioo mstari mwekundu unashuka,
unashuka,
nyuzi zangu zinakula akiba ya ghalani
hadi sakafu inaonekana.

"Naachia," asema Sindre.
Psss.

Mstari ukabaki chini.
Ukafikiri.
Ukapanda kama mtu mwenye vikapu viwili.
Kijana akaandika namba, akaifunika kwa kiganja.
"Sema, mwanangu. Nimewahi kupeleka barua mbaya zaidi."
"Damu inafika," akasema. "Inafika na mzigo wake.
Ila misuli inachelewa kupokea."

Hapo nikamkumbuka Halvdan Tveit,
nyumba ya juu kabisa, ngazi mia moja na nane,
mlango wa kijani uliobambuka rangi.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kitu kinaburuzika ndani.
Hodi. Nami nimebakiza mitaa mitatu
na viatu vimejaa maji.
Siku moja nikachomeka kikaratasi: Tulifika, hukuwepo.
Nimeshuka ngazi arobaini, nikasikia komeo.
Alikuwa amesimama kizingitini na soksi moja,
mkono ameunyoosha, mdomo wazi,
sauti haina pumzi ya kupandia.
Sikurudi.
Ni bili ya umeme tu, nilijiambia.
Nilikuwa na miaka thelathini na mapafu ya farasi.

Kumbe alikuwepo.
Alikuwa njiani.

Basi, wiki kumi na mbili. Kiti cha jikoni,
keti, simama, redio ikisoma hali ya hewa,
jirani yangu Oddlaug akigonga ukuta
akidhani nahamisha kabati.
Siku nyingine sikufanya. Siku moja nililia kwa hasira,
nikala keki nzima, nikalala na viatu.

Nikarudi maabara. Mwanga ule ule, mkanda ule ule.
Sekunde nne.
Mstari umewahi kwa sekunde nne,
na Sindre anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.
Sekunde nne! Hazitoshi hata kupiga chafya vizuri.
Lakini taa ya kijani pale njia panda
huzimika nikiwa nimebakiza hatua tatu,
na hatua zangu tatu,
nimezipima mwenyewe kwa saa ya marehemu mume wangu,
ni sekunde nne.

Leo nimeliacha basi lipite. Nimepanda ngazi.
Ya sitini na mbili, paja likawaka moto,
nikashika chuma chenye maji, nikasimama.
Vijana wakanipita wawili wawili.
Wapite.
Ndani, gizani, mtu anatafuta soksi ya pili.
Damu yangu, mtumishi mwenzangu,
usichomeke kikaratasi.
Bisha tena.