Robo ya Tatu, Hamsini na Nne

Gulsina aliileta ndani ya soksi ya mtoto,
theluji bado haijamwisha mabegani.
"Nataka kujua ni modeli gani," akasema,
"Ilgiz, mjukuu wangu, ataieleza shuleni Ijumaa.
Ni ya baba mkwe. Alitoka nayo vitani.
Hapa, ona, ndipo kipande cha bomu kilipogota."

Nikaona. Bonde dogo ubavuni, usawa wa tarakimu ya mbili,
la kutosha punje ya mtama.

Uso umegeuka rangi ya chai iliyolala.
Tarakimu za mviringo, tisa ina tumbo,
sekunde zina uwanja wao pale chini penye sita.
Mkanda ni wa juzi, haunihusu.
Mpaka hapo ingeweza kuwa moja kati ya tano ninazozijua,
maana kiwanda chetu hapa Chistopol
kilizaa saa kama paka.

Basi uso usiuulize. Uso hubadilishwa.
Nimeshapokea saa yenye uso wa hapa, moyo wa Penza,
na mishale ya marehemu mwingine.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya saa, bisibisi.

Nikafungua mgongo.
Harufu ya mafuta makavu, kama droo ya cherehani.
Mawe kumi na tano, mekundu, hayajapungua.
Na kando ya gurudumu la mizani, muhuri,
mdogo kama mayai ya chawa:
3, kistari, 54.
Robo ya tatu ya mwaka wa hamsini na nne.

Vita viliisha arobaini na tano.
Nikahesabu tena kwa vidole,
kama vile vidole vingenihurumia.

Gulsina anakausha glavu juu ya jiko langu,
anasimulia handaki, matope, mlio.

Ndipo nikageuza kifuniko chenyewe.
Sisi mafundi huacha alama humo kwa ncha ya sindano,
mwenye saa asione, fundi ajaye aone:
S.K., 11.67.
Mkono wa baba. K yake ina mguu mrefu hivyo hivyo.

Baba, asiyeweza kuvumilia mkwaruzo,
aliyesugua hata vijiko vya wenyeji wake,
alilisugua kasha hili lote likang'aa
mpaka ukingoni mwa bonde, na bonde akaliacha.
Muhuri aliuona. Hakuna fundi asiyeuona.
Na Minnegali mwenyewe alisimama hapo, ng'ambo ya meza,
kofia mkononi, akisubiri kuambiwa.

Ile ya vitani sijui iliishia wapi:
mkate, kamari, mkono wa rafiki aliyezikwa nayo.
Baba hakuniambia. Hakuniambia mengi.

"Enhe?" Gulsina akauliza.
"Ya hapa hapa kwetu. Mawe kumi na tano. Madhubuti."
"Mwaka?"
Nilikuwa na kibano mdomoni,
nikaguna tu.

Nikatia tone la mafuta, nikachora herufi zangu
chini ya zake, nikafunga.
Ikaanza kutembea kwa kusita,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Kwenye risiti, penye modeli, nikaandika jina lake lote.
Penye mwaka
nikaandika wa leo.