Kanyaga Mara Mbili

Okurut ni kijana, shati limenyooshwa.
Anaingia na tochi chini ya Korona yangu,
anagonga chasisi kwa bisibisi:
kutu inamwagika kama pumba za mtama.

Anaandika bila kunitazama.
Breki ya nyuma, kushoto: hafifu.
Taa ya kulia inamulika angani.
Bushi zimekwisha. Moshi umezidi.
Haikufaulu.

Ningemwambia
mzee huyu hajawahi kukataa kuwaka.
Usiku ule wa Budadiri, mvua ikichimba barabara,
Nambozo kashikwa na uchungu kiti cha nyuma,
tulishuka hadi Mbale kwa waipa moja
na mtoto akalia kabla hatujazima injini.
Mashine yenu hupima wapi jambo hilo?

Sikusema. Naujua mguu wangu:
kwenye kona ya Sironko hukanyaga mara mbili,
ya kwanza kuomba, ya pili kupewa.
Miaka sita nimeiita hali hii kuzoeana.

Na yule mwanamke wa Kijapani ndani ya dashibodi,
kila nikiwasha husema sentensi ileile, kwa adabu.
Nilidhani ananiamkia.
Huenda alikuwa akinionya.

Wepukhulu fundi anataka laki tatu na nusu,
breki mpya, si za kuchonga.
Kahawa nimeiuza mapema, kwa hasara.
Nampa ufunguo.

Napanda boda kurudi nyumbani,
na kila tukiinama konani
mguu wangu wa kulia
unakanyaga hewa,
mara mbili.