Ng'ombe wa Bluu

Kopo la kwanza hakulinunua.
Alilifukua Kongwa, kwenye banda la matrekta
ya wale Waingereza waliokuja kulima karanga
wakavuna vumbi, wakafunga virago.
Manjano. Imeganda juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Nehemia Chidawali alikuwa na miaka kumi na mmoja
na mbuzi ishirini na sita wa watu.
Akatoboa utando kwa mwiba wa mgunga:
chini, rangi ilikuwa bado mbichi.

Turubai lake la kwanza lilikuwa ubavu wa beberu.
Mstari mmoja tu, toka bega hadi paja.
Fimbo za jioni ile alituhesabia hadi uzeeni:
tisa, na ya kumi ilimpata beberu.

Ukimuuliza alisomea wapi, anasonya.
Kwa bibi yake, aliyechora vibuyu kwa waya wa moto
huku akimsema vibaya mkwewe.
Kwa twiga wa kiberiti.
Kwa mswaki aliotafuna mpaka ukawa brashi.
Kwa mwamba wa Kolo, alikofika juu ya lori la alizeti
akakaa kutwa nzima mbele ya wale watu wekundu, wembamba,
wasio na jina wala tarehe.
"Hawa nao," akasema, "hawakupewa cheti."

Na kwa kalenda.
Daktari Mkuba aliiacha Mpwapwa mkataba wake ulipokwisha:
picha ya mtu wa visiwa vya kwao, seremala,
asiyefundishwa na yeyote,
kapaka migomba bluu, usiku kijani,
na mwanamke mkubwa kuliko nyumba yake.
Mjomba hakuweza kusoma maneno yake hata moja.
Lakini Agosti ile ilikaa juu ya kitanda miaka thelathini,
haikugeuka kuwa Septemba.

Ndipo Kibaigwa ikaanza kuota ng'ombe wa bluu.
Kwenye mashine ya kusaga. Kwenye kinyozi, bila sababu.
Kwenye bucha ya Mzee Masinga, dume zima,
pembe zimepita dari.
"Nani atanunua nyama ya bluu?" Masinga akafoka.
Akamlipa kwa maini, nusu kilo,
kesho yake akapaka chokaa.

Mimi nilikuwa mchanganya rangi:
udongo mwekundu, majivu, gundi ya mgunga.
Alipoanza kupofuka aliniuliza, "Hii ni ipi?"
akinusa kidole changu.
Mara nyingi alijua kabla sijajibu.
Mara moja nilimdanganya. Alijua pia.

Siku hizi mabango yanachapwa mjini, ya plastiki,
jua linayala kwa misimu miwili.

Mwaka huu mvua za Desemba ziliikuta bucha upande.
Chokaa ikabanduka, kwanza kwato,
halafu jicho, lenye manjano kidogo ndani.
Mtoto wa Masinga alisimama na ndoo na brashi,
akaitazama ile kwato muda mrefu.
Akaiweka ndoo chini.
"Baba alimpunja," akasema,
akarudi kwenye mizani,
mtu wa utumbo alikuwa anasubiri.