Gari Lililodhani Liko Lushoto

Liliingia getini likikohoa,
Pijo ya bluu, mlango mmoja rangi ya maziwa,
na nyuma yake Barabara ya Kumi na Sita
ikageuka jiko la kuni mbichi.
Mama wa maandazi akafunika beseni.
Kijana wa baiskeli akashuka, akasukuma.

"Linakunywa," akasema Bi Nesta Shembilu
kwa sauti ya mtu anayemsema shemeji mlevi.
"Nikitia mafuta ni kama huu mji wenu,
yaja leo, yaondoka leo.
Muheza hadi hapa, lita nane."

Mafundi waliotangulia kawaandika kwenye daftari la shule:
wa Korogwe kamuuzia pampu,
wa Segera kabadili plagi mara mbili,
na mmoja, hapa hapa Chumbageni,
alitaka ang'oe sindano zote aweke kabureta ya Datsun,
"usijisumbue mama, haya mambo ya kizungu."

Sikusema kitu. Nilinusa.
Moshi mweupe ni maji, wa samawati ni oili,
mweusi ni mlo uliozidi kinywa.
Nikafungua plagi ya kwanza:
nyeusi, kavu, laini, masizi ya chungu cha bada.
Ya pili hivyo. Ya tatu. Ya nne.
Basi nozo hazina kosa;
watu wanne hawaugui tumbo usiku mmoja
ila wamekula sufuria moja.

Kichujio cha hewa nilikipiga gotini,
kikatoa vumbi jekundu la Amani, lakini si hilo.
Nikachomoa kipira cha regyuleta, nikatia kidole:
kikatoka kikavu.
Nozo ya baridi, ile ya kumwaga asubuhi tu,
mpira wake nikaubana kwa plaizi.
Moshi uleule.

Saa saba. Jua la Ngamiani limekaa juu ya bati,
boneti huligusi bila tambara.
Nikashusha mita kwenye sensa ya maji,
kidude kisichozidi kifundo cha dole gumba,
kazi yake moja: kuliambia boksi injini imepata joto.
Omu elfu sita.

Nikasoma tena. Rejeta inatokota,
jasho langu linadondokea betri,
na habari inayofika ni: baridi.
Baridi ya Magamba, Julai, alfajiri,
ukungu umesimama mlangoni,
ongeza mafuta, ongeza.
Na boksi, lisilo na macho, linatii.

"Hili gari lilikaa wapi?"
"Lushoto. Miaka kumi na tisa.
Analiwasha saa kumi na moja, analiacha lingurume,
yeye anakunywa chai.
Gari la baridi, akisema, haliharakishwi."
Hakutaja nani. Sikuuliza.
Kwenye kiti cha kushoto, sweta la kijivu,
limekunjwa, kiwiko kimeshonwa kwa uzi usiofanana.

Sensa ilikuwa nzima. Hili napenda kulisema,
maana wengi wangemnunulisha mpya.
Kosa lilikuwa waya:
ndani ya gamba lisilo na mkwaruzo
shaba imeoza kijani, zimebaki nyuzi mbili
zinashikana kwa imani.
Ukweli ulitoka vizuri, ukachokea njiani.

Nikakata, nikamenya, nikaunga, nikatia lihamu.
Mia tatu.
"Washa, mama."

Likaguna mara mbili, kama mtu aliyeamshwa kwa jina,
kisha likatulia. Ekzosi ikapumua tu.
Mama wa maandazi akafunua beseni.

Bi Nesta alibaki ameshika usukani, vioo vimefungwa.
"Halinuki tena," akasema.
Nikamwambia ndilo tulilokuwa tukitafuta.
Akahesabu elfu thelathini, akarudia kuhesabu,
akaongeza elfu mbili ya soda.
Lile sweta akalitupia kiti cha nyuma
halafu, kabla hajalifikia geti,
akafunga breki, akalirudisha.