Pampu ya Mama Quihuis

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuwahi kufanya kazi Tucson.
Mimi huyazoa kila siku, lita kwa maelfu,
kisha nayarudisha palepale yalipotoka,
na nalipwa kwa hilo.

Joto nyuzi arobaini na mbili kivulini,
na kivuli chenyewe ni cha kuazima, cha ukuta.
Mama Dolores Quihuis amesimama na kandambili,
bwawa lake rangi ya mlenda.
"Nataka kubwa kama ile ya marehemu," anasema.
"Farasi watatu. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo."

Ile ya marehemu inalia pembeni kama inasaga kokoto.
Ombeni anagusisha bisibisi kwenye gamba lake,
mpini sikioni, nilivyomfundisha.
"Beringi?"
Beringi hupiga mbinja, namwambia. Hii ni njaa.
Farasi watatu wanakunywa kwa mrija wa inchi moja na nusu;
maji hayafiki, gurudumu linakata utupu,
na debe tupu, unajua mwenyewe.

Mama anadhani pampu huvuta. Wengi hudhani hivyo.
Haivuti kitu. Ndani mna gurudumu, upana wa kisahani cha chai,
lenye mbavu zilizopinda. Likizunguka
hurusha maji pembezoni, katikati pakabaki pengo,
na anga lote la Arizona, zito, tusilolihisi mabegani,
hukandamiza uso wa bwawa
na kuyasukuma maji yakazibe lile pengo:
yapite mdomo wa ukutani, yapite kapu
lenye majani ya meskiti, binamu wa mathenge wetu wa Garissa
(na jana mjusi),
kisha kwenye chujio, kisha nyumbani.
Ndiyo maana mpira wa kifuniko ukipata ufa
mwembamba kama unywele, hewa hutangulia.
Hewa haijui foleni.

Nachora nyuma ya risiti ya mafuta.
Mita kumi kwa tano, kina cha wastani moja nukta mbili:
lita elfu sitini.
Zote zipite kwenye chujio kwa saa nane,
ni lita mia na ishirini na tano kwa dakika. Basi.
Halafu nahesabu viwiko vya bomba: tisa.
Marehemu alipenda kona.
Kila kiwiko hudai ushuru wake, na urefu wa bomba, na chujio lenyewe,
na pampu huchaguliwa kwa kujumlisha ushuru,
si kwa kuhesabu farasi.

"Chukua hii ndogo, ya mwendo wa kubadilika," namwambia.
"Ukikata mwendo nusu, maji yanapungua nusu,
lakini umeme unashuka hadi sehemu ya nane."
Ananitazama kama muuza dawa ya kunguni.
Naandika tena: nusu, mara nusu, mara nusu.
"Kwa hiyo iende polepole, muda mrefu."
Haba na haba, nasema, kwa Kiswahili,
maana Kihispania changu huishia kwenye bei.

Saa saba usiku simu inalia.
"Imekufa."
Tunakwenda, Ombeni na alama za mto bado shavuni.
Geji inasoma vizuri. Taa ya kijani inawaka.
Sauti ni ndogo, kama ya mtu anayewaza.
"Miaka kumi na tisa," anasema Mama,
"nimelala na ile kelele. Ya pampu, na ya kwake."

Katika sanduku langu hamna spana ya hilo.
Nikamwonyesha tundu la kurudishia maji, chini ya ngazi.
Akakaa ukingoni, akavua kandambili,
akauweka wayo mbele ya tundu.
Tukangoja.
"Ipo," akasema.

Njiani Ombeni akauliza
kama safari ya usiku tunaitoza.
Sijamjibu mpaka leo.