Mkono wa Shati

Gunia la kwanza lilikuwa la kilo themanini.
Tuliliachia dirishani, ghorofa ya kumi na nne,
mjini Łódź, mwezi wa pili, theluji imeganda kwenye kingo.
Mimi ndiye niliyeshika saa.
Nilihesabu nne, na kabla ya tano
mchanga ulikuwa umetapakaa uani
kama mahindi ya lori lililopinduka.

Mhandisi Halszka hakupaza sauti. Aliandika:
huku si kuteleza, ni kuanguka ndani ya kitambaa.

Kuteleza si kuanguka, tunasema.
Sawa. Lakini tofauti yao ni kiasi gani?
Ni mita ngapi kwa sekunde?
Methali ilifika hapo ikanyamaza,
ikatuachia kikokotoo na chai inayopoa.

Tukaongeza mizunguko, kama gamba la konokono.
Gunia la pili likakwama ghorofa ya sita,
likalala humo siku mbili,
na watoto wa jengo wakalipa jina la mwenye nyumba.

Ndipo akaitwa Bi Bogumiła,
aliyeshona miaka thelathini na minane
katika kiwanda ambacho leo kinauza kahawa na marashi.
Alikuja na pini mdomoni.
Akaingiza mkono ndani ya bomba letu hadi begani,
akautoa, akatuonyesha ngozi iliyochubuka.
"Ninyi mmeshona bomba," alisema.
"Mimi ningeshona mkono wa shati.
Mshono ukae nje, usimkwaruze mwenye nguo.
Na penye kiwiko ongezeni kitambaa,
maana kiwiko ndipo mtu anapokumbuka kwamba ana mwili."

Halszka alitaka vidirisha vya plastiki kila mita tatu,
mtu aone anakokwenda, asiogope giza.
Tukamteremsha Gniewko, zimamoto wa kujitolea,
kijana anayepanda minara kwa kujifurahisha.
Kwenye kidirisha cha kwanza akaona uani,
akaona gari lake, dogo kama punje ya mbaazi,
akatanua magoti, akajikaza kama kabari,
na kwa dakika kumi na moja
hakushuka wala hakupanda.

Usiku ule tuliviziba vyote.
Miguu haiogopi kimo.
Macho ndiyo yanayokataa.

Kisha yakaja maswali, na kila swali lilikuwa na jina.
Tymoteusz wa ghorofa ya tisa, mguu mmoja, mbwa mzee.
Mke wa mwalimu, mimba ya miezi minane.
Yule jirani anayegeuza uso ukimwuliza kilo zake.
Mtoto asiyekubali kuachia kidole cha mama.
Upana ukawa sentimita sabini,
ukapungua, ukarudi,
Halszka akifuta na kuandika hadi karatasi ikatoboka.
Mbwa hatukumpatia jibu.
Bado sina.

Siku ya mwisho, gunia likiwa tayari,
Bi Bogumiła alilisukuma kando kwa goti.
"Fundi huvaa kwanza alichokishona."
Akatoa pini mdomoni, akanikabidhi.
Akakaa ukingoni, mkoba kifuani, akajiachia.

Hatukusikia ukelele.
Tuliona tu uvimbe ukishuka ubavuni mwa jengo,
ghorofa baada ya ghorofa,
kama tonge likipita kooni mwa mtu asiye na haraka.

Sekunde thelathini na sita.
Akatoka miguu mbele, kofia upande,
akaketi kwenye godoro, akajipapasa viwiko,
kimoja, kisha kingine.
"Kiatu," akasema.

Soksi yake ya kushoto ilikuwa na kiraka kizuri sana.

Tukaweka masikio kwenye turubai.
Kilikuwa bado njiani, juu kule, chakara, chakara,
kikipita kila mzunguko kwa zamu yake.
Halszka akanishika mkono: usiizime saa.
Tukasubiri, mvuke ukitutoka vinywani.
Kikatoka polepole,
kikasimama wima juu ya theluji,
kamba zake zimefungwa.